Binti yangu anataka kazi ya ujasusi. Je, mtu mwenye dhamiri anaweza kuifanya?

SWALI: Salamu, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi mtaa wa Umoja, Nairobi. Kifungua mimba wangu amemaliza shahada ya takwimu na sasa anataka kuomba kazi katika Idara ya Ujasusi. Baba yake hataki hata kusikia. Kaka mkubwa wa huyo baba alichukuliwa usiku mwaka 1986 na watu wasiojitambulisha, akarudi baada ya wiki tatu akiwa mtu mwingine, na mpaka leo hazungumzii jambo hilo. Nikiwaza majirani watasema nini, baada ya yale ya vijana kutekwa nyara, kichwa kinaniuma. Je, kazi hii inaweza kufanywa na mtu mwenye dhamiri? Na kwa nini jina la ujasusi linanuka hivi kwetu? – Mama wa Umoja

JIBU: Mama wa Umoja, asante kwa kuniamini na jambo la nyumbani. Nimefundisha maadili ya kazi za usalama kwa miaka mingi hapa Nairobi, na swali lako ndilo wanafunzi huniuliza darasa likishatoka, wamebaki wawili watatu, kwa sauti ya chini.

Jibu langu ni ndiyo, inaweza. Ila usiende nalo kwa mumeo kama ushindi. Hofu yake ina mizizi, na lazima nianze nayo kabla ya kumfikia binti yako.

Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la mkoloni liliuzingira mji huu katika msako dhidi ya Mau Mau, uliopewa jina la Operesheni Anvil. Watu walitolewa majumbani katika mitaa ya Waafrika, wakapangwa mistari, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kuanzia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Mtu huyo hakuhitaji kusema neno. Akitikisa kichwa namna hii, unarudi kwa watoto wako. Akitikisa namna ile, unapandishwa lori. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini kwa msako ule. Wakikuyu waliwaita watoa habari hao gakunia, yaani kigunia. Ndani yake angeweza kuwa yeyote: jirani mnayegombania mpaka wa shamba, mtu unayemdai, kijana aliyeahidiwa kuachiliwa akitaja wenzake. Usingeweza kumuuliza alikuona wapi na lini, kwa sababu hakuwa na uso wala jina.

Hiyo ndiyo sura ya kwanza ya jasusi ambayo wengi wa babu zetu waliijua katika mji huu. Liweke gunia hilo akilini, nitalirudia.

Special Branch, kitengo cha ujasusi kilichokuwa ndani ya polisi ya mkoloni, kilivuka uhuru kikiwa kizima. Kuanzia 1965 hadi 1991 kiliongozwa na mtu mmoja, James Kanyotu, miaka 26 chini ya marais wawili, na picha zake magazetini zilikuwa adimu kiasi kwamba Mkenya wa kawaida angepishana naye barabarani asimtambue. Mwaka 1986 kitengo kilibadilishwa jina, na mwaka huo huo msako wa Mwakenya, kundi la siri la wapinzani wa Serikali, ulipamba moto. Wahadhiri, wanafunzi, wanahabari na wakulima walichukuliwa, wengi wao wakapelekwa vyumba vya chini ya ardhi vya Nyayo House, jengo la ofisi za Serikali hapa Nairobi. Walionusurika wameeleza mahakamani yaliyowapata humo: kuvuliwa nguo, kupigwa, kufungiwa katika giza ndani ya seli zilizomwagwa maji hadi ngozi ikaanza kuoza. Wengine walitolewa humo wakapelekwa mahakamani jioni, wafanyakazi wengi wakiwa wameshaondoka, wakakiri makosa na kufungwa. Vyumba vile vilifunguliwa kwa umma Februari 2003, na kuanzia 2010 Mahakama Kuu imekuwa ikiamuru Serikali kuwalipa fidia waathiriwa. Nikipita pale kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway huwa naiona foleni ya vijana waliofuata pasipoti, wakitabasamu na karatasi zao mkononi, na najua wachache sana wanaelewa kilicho chini ya miguu yao. Shemeji yako huenda anaelewa.

Sasa tuulize ilitokeaje, maana hapo ndipo penye funzo kwa binti. Kulikuwa na watu wakatili, sikatai. Lakini chombo chenyewe kiliundwa vibaya. Mkono ule ule ulikusanya habari, ukakamata, ukahoji, kisha ukaandika ripoti ya kumwambia mkubwa jinsi ulivyofaulu. Mtu akiteswa hutia sahihi anachotakiwa kutia sahihi, na hutaja majina ili apumzike. Majina hayo huleta wengine, nao hutaja wengine. Kwenye meza ya mkubwa adui anaonekana kuongezeka kila wiki, na mkubwa anaongeza fedha na mamlaka. Hakuna aliyekaa nje ya mduara huo mwenye haki ya kuuliza, "Hili mmelijuaje?" Na siri isiyo na mkaguzi haiishii kwenye siasa. Jina la Kanyotu huyo huyo lilikuja kuonekana miongoni mwa wakurugenzi wa Goldenberg International, kampuni iliyochota mabilioni ya umma kwa madai ya kuuza dhahabu na almasi nje ya nchi.

Usidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church ilifunua kwamba CIA, shirika la ujasusi la nchi hiyo, ilikuwa imepanga kumuua Patrice Lumumba kwa sumu mwaka 1960, na kwamba FBI, wapelelezi wa ndani ya nchi, ilimpeleleza mtetezi wa haki za weusi Martin Luther King kwa miaka na kumwandikia barua isiyo na jina ya kumvunja moyo. Wapelelezi wenyewe hawakujitokeza kusema. Waliitwa, wakaulizwa, nyaraka zikadaiwa. Ujerumani Mashariki ilikuwa na polisi wa siri, Stasi, iliyofika 1989 na waajiriwa wapatao 90,000 na watoa habari wa siri wapatao 180,000, katika nchi ya watu milioni 16 hivi. Mafaili yalipofunguliwa, watu walisoma majina ya marafiki zao humo, na wengine majina ya waume na wake zao.

Turudi nyumbani, kwa sababu mumeo anastahili pia kusikia kilichobadilika. Sheria ya 1998 iliutoa ujasusi ndani ya polisi, na mwaka uliofuata idara mpya ikaanza kazi bila mamlaka ya kukamata. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote: anayesikiliza asiwe ndiye anayefunga pingu. Katiba ya 2010 ikaipa idara nafasi yake katika kifungu cha 242, na kifungu cha 239 kinakataza vyombo vya usalama kuegemea chama au kuhujumu msimamo wa kisiasa ulio halali. Chini ya sheria ya 2012 Mkurugenzi Mkuu huteuliwa na Rais baada ya kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa, kwa miaka mitano inayoweza kuongezwa mara moja tu. Kusikiliza simu ya mtu kunahitaji kibali cha jaji wa Mahakama Kuu. Ipo pia bodi ya kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya idara, ingawa nikiuliza darasani ni nani amewahi kuisikia, mikono haiinuki. Marekebisho ya Desemba 2014 yaliulegeza ukuta ule: afisa wa ujasusi akapewa ruhusa ya kumzuia mshukiwa na kumkabidhi kwa polisi. Niliona ni kosa wakati ule, na bado naona ni kosa.

Kazi njema nayo imekuwepo, ila haionekani. Tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zilizoua watu 1,133, ilieleza kwamba idara ya ujasusi ilikuwa imetabiri ghasia na kutoa tahadhari mapema. Waliopaswa kujiandaa hawakujiandaa vya kutosha. Fikiria afisa aliyeandika zile tahadhari. Aliandika kweli, akaipeleka panapostahili, kisha akakaa kimya akitazama nchi inaungua, na hakuna jirani aliyewahi kumshukuru. Kazi hii ndivyo ilivyo. Shambulio lililozuiwa halina picha gazetini, lililofanikiwa linabaki na tarehe: 7 Agosti 1998 katika ubalozi wa Marekani, 21 Septemba 2013 pale Westgate, 2 Aprili 2015 kule Garissa ambako watu 148 waliuawa. Baada ya kila moja wananchi waliuliza ujasusi ulikuwa wapi, na walikuwa na haki ya kuuliza.

Kisha ikaja 2024.

Unayajua, uliyaona Umoja kama nilivyoyaona mimi kwetu. Vijana walioandamana kupinga Mswada wa Fedha, au walioandika mtandaoni tu, wakachukuliwa na watu waliofunika nyuso, kwa magari ambayo mji mzima umeyapa jina la Subaru hata yanapokuwa ya aina nyingine. Kufikia mwishoni mwa Desemba, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu visa 82 tangu Juni, na watu 29 walikuwa bado hawajulikani waliko. Januari 2025 Justin Muturi, akiwa waziri katika serikali hiyo hiyo, alisema hadharani kwamba mwanawe alichukuliwa na idara ya ujasusi na kuachiliwa baada ya Rais kupiga simu. Waziri. Mama mboga wa Kayole angempigia nani?

Hapo ndipo gunia lilirudi. Mzazi anayezunguka vituo vya polisi vya Central, Kasarani na Muthaiga akiuliza kama mwanawe yuko kwenye kitabu cha polisi hana njia ya kutofautisha polisi wa kawaida, wapelelezi wa jinai (DCI) na idara ya ujasusi (NIS). Kwake wote ni "wale watu". Katiba inasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zinahesabiwaje kama hakuna anayekubali kwamba anaye? Ndiyo maana sikubaliani na wanaofikiri sura ya idara itasafishwa kwa hotuba na maonyesho ya kazi. Kama maafisa wake walihusika, washtakiwe. Kama hawakuhusika, basi idara yenye kazi ya kujua ina wajibu wa kusema chini ya kiapo inachojua kuhusu waliohusika. Ikikaa kimya, wananchi wataujaza ukimya huo kwa yale waliyorithi tangu 1954.

Mama, wewe uliuliza juu ya dhamiri. Watu hudhani dhambi ya ujasusi ni udanganyifu: kujifanya mwingine, kumlipa mtu akuletee habari, kusoma barua zisizo zako. Mambo hayo ni mazito na hayafai kuzoeleka. Lakini anayejifanya mnunuzi ili ajue baruti inayokusudiwa kuua watu katika basi imefichwa wapi, mimi siwezi kumwita mwovu. Mstari wangu uko kwingine: anamdanganya nani? Kumdanganya anayepanga mauaji kunaweza kutetewa. Kumdanganya jaji ili upate kibali, au kamati ya Bunge, au mkubwa wako kwa kumpikia ripoti anayopenda kuisikia, hakuwezi. Februari 2003 waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Colin Powell, alikaa mbele ya Baraza la Usalama akaeleza kwa uhakika silaha za maangamizi za Iraki. Vita vikaja, wachunguzi wakatafuta, hazina hiyo ya silaha haikupatikana. Hakuna aliyemtesa mtu katika chumba alimotolea hotuba ile, na bado watu wengi mno walikufa kwa sababu ya shaka zilizoondolewa kwenye karatasi njiani.

Kuna jambo jingine linalozungumzwa kidogo sana, nalo ni mtoa habari. Kila idara inamhitaji. Mara nyingi ni mtu dhaifu: mkimbizi wa Eastleigh ambaye karatasi zake zina kasoro, kijana wa Majengo mwenye kesi ndogo, mama anayedaiwa kodi ya nyumba. Afisa anakuja na kishawishi upande mmoja na tishio upande wa pili. Mtu huyo anaanza kuleta habari, na kwa kuwa analipwa kwa habari, siku asipokuwa nayo ataitunga. Akigunduliwa na kundi, atauawa. Na afisa akihamishwa kwenda kituo kingine, simu ya yule mtu haitapokelewa tena. Nimewaambia wanafunzi wangu mara nyingi kwamba ukitaka kujua kama idara ina maadili, uliza inavyomtendea mtoa habari ambaye hana faida tena. Aliwekewa mpango wa usalama? Aliambiwa tangu mwanzo kwamba anaweza kukataa? Kumtumia binadamu kisha kumtupa ni unyama hata kama taarifa yake iliokoa watu mia.

Binti yako, kwa elimu yake, huenda asikutane na mtoa habari hata mmoja. Atawekwa mbele ya kompyuta. Usifikiri huko ni salama kwa dhamiri. Mwambie afanye hesabu hii, yeye ataielewa kuliko mimi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi. Tuseme kuna programu inayotambua magaidi na haikosei isipokuwa mara moja katika kila mia. Inasikika vizuri sana kwenye mkutano. Ukiipitisha juu ya mji mzima, itawanyooshea kidole karibu watu 44,000 wasio na hatia. Hata kama magaidi wa kweli ni 100 na wote wamenaswa, kwa kila mmoja wao kuna zaidi ya watu 400 ambao sasa majina yao yamo kwenye orodha kwa bure. Orodha ikitoka mezani kwake haiendi na maelezo ya kosa la asilimia moja. Inakwenda na majina. Na anayeipokea huenda ana gari na kofia ya kufunika uso. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitawasaidia sana hao 44,000, kwa kuwa inaacha mlango wazi kwa usalama wa taifa. Anayeweza kuwasaidia ni mwanatakwimu mwenye ujasiri wa kusimama na kusema, "Mkuu, orodha hii haifai kutumika kumkamata mtu."

Kwa hiyo nakuambia ndiyo, na sehemu ya sababu ni hiyo: nani akae kwenye kiti kile? Wenye dhamiri wakikikwepa wote, hakitabaki kitupu.

Kabla hajatuma maombi, akae peke yake aandike mambo ambayo hatayafanya hata akiamriwa. Ayaandike kwa mkono, yawe wazi: sitaandika nisichokiamini, sitatoa jina la mtu ili akachukuliwe bila hati, sitakaa chumba kimoja na mtu anayepigwa. Ajue kwamba sheria iko upande wake. Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 haikubali amri ya mkubwa kuwa utetezi, na Katiba imeweka uhuru dhidi ya mateso miongoni mwa haki zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote, hata vitani. Akiajiriwa, kwa kila kazi nzito atakayopewa ajiulize kama jina lake na la aliyemtuma yameandikwa mahali ambapo siku moja jaji anaweza kuyasoma. Umma hauhitaji kuyasoma leo. Kazi inaweza kuwa siri miaka thelathini na bado ikawa halali, mradi kuna kibali, kuna tarehe, kuna sahihi. Siku atakapoambiwa "hii tusiandike", ajue ameletewa gunia avae.

Kuhusu majirani sitakuficha. Hataruhusiwa kuwaeleza anachofanya, na pengine wewe pia hatakueleza. Atasema yuko "ofisi ya Serikali" na mtaiacha hapo. Kwenye sherehe za familia atabadilisha mazungumzo. Uzito huo huwaingia watu polepole, na nimeona ndoa zikilegea kwa sababu yake. Mzungumzieni mapema.

Lakini wa kwanza kuzungumza naye awe baba yake mkubwa. Mumeo asimlazimishe kaka yake. Amuulize tu, na kama mzee yuko tayari, binti aende kwake Jumapili moja mchana, wakae wawili. Asichukue simu wala daftari. Mzee akisema neno moja, asikilize hilo moja. Akinyamaza mpaka chai ipoe, akae naye hivyo hivyo, kisha arudi nyumbani aamue kama barua ya maombi ataituma.